Hakuna Viazi Kwenye Chungu cha Waviking

Jamani, msicheke kwanza. Huko Moesgaard, Denmark, tangu 1977 watu wazima wenye kazi zao hukusanyika majira ya joto, wakavaa nguo za sufu, wakalala kwenye mahema na kupika uji wa shayiri kwa kuni, kama Waviking. Mwenzangu wa chumba alipoona picha akasema, "Hawa wamekosa kazi."

Mimi sikubali. Mchezo huu una swali moja kali: umejuaje? Ukija na kofia yenye pembe watakucheka, maana wachimbaji wa mambo ya kale hawajapata hata moja ya Waviking. Zilienezwa na mavazi ya opera ya Wagner mwaka 1876. Viazi na nyanya havitiwi chunguni, kwani vilifika Ulaya kutoka Amerika baada ya 1492, Waviking wakiwa wameshapita zamani.

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilijaza ubao, wanafunzi wakanakili. Mmoja akauliza, "Mwalimu, haya watu walijuaje?" Nikamjibu aandike tu, muda unaisha. Mpaka leo inaniuma.

Wenzangu wa ualimu, hatuhitaji sufu wala mahema. Tunahitaji swali la yule mtoto lipewe nafasi darasani, na mwalimu asione aibu kusema, "Sijui, tutafute pamoja." Anayepika ili ajue watu wa kale walikula nini hawezi kunakili tu, lazima aulize. Nikirudi darasani, naanza na chungu, ubao utafuata.