Kinyume cha "Wote"

Mtihani wa LSAT, unaowachuja waombaji wa shule za sheria nchini Marekani, huwa na maswali ya kutafuta dhana ambayo bila hiyo hoja haisimami. Njia mojawapo ni kulikanusha kila jibu: hoja ikianguka, umelipata. Wanafunzi wangu hujikwaa katika kukanusha kwenyewe. Kinyume cha "Wanakijiji wote walikubali" wao huandika "Wote hawakukubali", sentensi yenye maana mbili, nami huinyima alama. Andikeni "Si wote waliokubali". Aliyekataa mmoja anatosha. Kinyume cha "Baadhi walikubali", hata hivyo, ni "Hakuna aliyekubali".

Mkutanoni niliwahi kumsikia mwenyekiti akitangaza kuwa wote wamekubali. Mzee mmoja akasema si kweli. "Kwani wote wamekataa?" akaulizwa, akaketi.