DHAHABU YA HOLLYWOOD ILIKUWA YA NANI?

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Usemi huo unaifaa sana ile inayoitwa enzi ya dhahabu ya Hollywood, yaani miaka ya 1930 na 1940. Hadi leo wako watu, na miongoni mwao wamo wasomi, wanaoitaja miaka hiyo kana kwamba ilikuwa pepo ya hariri, taa na tabasamu. Swali wasilouliza ni moja tu: dhahabu hiyo ilikuwa ya nani?

Jibu limo katika mikataba. Kampuni tano kubwa, MGM, Paramount, Warner Bros., 20th Century-Fox na RKO, zilimiliki viwanda vya kutengenezea picha, njia za kuzisambaza na majumba ya kuzionyeshea. Zilimiliki pia watu. Mwigizaji alitia saini mkataba wa miaka 7 ambao ulimfunga yeye peke yake. Kampuni iliweza kumwachisha kazi kila kipindi kidogo cha mkataba kilipokwisha, lakini yeye hakuwa na ruhusa ya kuondoka. Akikataa picha aliyopangiwa, alisimamishwa bila mshahara, na siku za kusimamishwa zikaongezwa mwishoni mwa mkataba. Kwa hesabu hiyo ya kibepari, miaka 7 iliweza kugeuka kuwa 8 au 9.

Hata jina lake halikuwa mali yake. Mwaka 1925 MGM haikulipenda jina la Lucille LeSueur, ikaitisha shindano gazetini ili wasomaji wamchagulie jingine. Ndipo akawa Joan Crawford. Margarita Cansino, binti wa mcheza dansi wa Kihispania, aligeuzwa Rita Hayworth. Nywele zake zilitiwa rangi, na zile za juu ya paji la uso zikachomwa kwa umeme zisiote tena, ili asionekane Mhispania. Clark Gable aliitwa mfalme wa Hollywood, lakini MGM ilimkodisha kwa Columbia kwa ajili ya picha ya It Happened One Night ya mwaka 1934, kisha ikamtoa tena kwa ajili ya Gone with the Wind ya mwaka 1939 na kujipatia nusu ya faida. Ni mfalme gani huyu anayekodishwa kama trekta?

Machi 1933 uchumi wa Marekani ulipokuwa umeanguka na mabenki yakafungwa, wakubwa wa kampuni hizo walitangaza kukata nusu ya mishahara kwa wiki 8. Louis B. Mayer wa MGM aliwakusanya watu wake akawaeleza habari hiyo huku akilia. Miaka minne baadaye, mwaka 1937, bwana huyo huyo alikuwa akipokea zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka, akiwa mtu anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote nchini Marekani. Machozi ya mamba hayajapata kulipwa vizuri zaidi.

Waliolia kweli ni wengine. Judy Garland alichukuliwa na MGM mwaka 1935 akiwa na umri wa miaka 13. Mwenyewe alisimulia baadaye jinsi watoto wa studio walivyopewa vidonge vya kuwaweka macho ili kazi iendelee, kisha vidonge vya kuwalaza. Mwaka 1950 kampuni iliachana naye. Mwaka 1969 alikutwa amekufa mjini London kwa kuzidisha dawa za usingizi. Alikuwa na miaka 47.

Naye Hattie McDaniel alibeba mizigo miwili, wa tabaka na wa rangi. Gone with the Wind ilipozinduliwa Atlanta mnamo Desemba 1939, hakuweza kuhudhuria kwa sababu ya ubaguzi wa rangi wa jimbo la Georgia. Februari 1940 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, kwa kuigiza kijakazi wa Wazungu, na usiku huo alikalishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake. Alipofariki mwaka 1952, makaburi ya Hollywood aliyotaka kuzikwa yalimkataa.

Watetezi wa enzi hiyo husema kwamba nyota walilipwa fedha nyingi na hakuna aliyelazimishwa kutia saini. Hoja hiyo haina uzito. Hakuna anayedai kwamba Bette Davis alilala njaa. Linaloulizwa ni nani aliyekuwa na amri juu ya kazi yake. Mwaka 1936 alichoshwa na picha hafifu, akaenda Uingereza kufanya kazi kwingine. Warner Bros. ilimfuata mahakamani London, ikashinda, naye akarudi kwa waajiri wale wale.

Hata hivyo, mnyororo huo ulikatika, na haukukatwa kwa huruma ya tajiri. Chama cha waigizaji kilichoundwa mwaka 1933 kilitambuliwa na kampuni mwaka 1937, baada ya wanachama kuwa tayari kugoma. Mwaka 1943 miaka 7 ya Olivia de Havilland ilikwisha, lakini Warner Bros. ikamdai miezi mingine kufidia siku alizosimamishwa. Alishitaki. Jack Warner akazionya kampuni nyingine zisimwajiri. Desemba 1944 mahakama ya rufaa ya California iliamua kwamba miaka 7 ni miaka 7 ya kalenda, na uamuzi huo ukawafungulia njia waigizaji wote.

Habari hizi si za makumbusho. Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma kwa siku 118, na moja ya madai yao ilikuwa kwamba sura na sauti zao zisinakiliwe kwa akili mnemba bila ridhaa na malipo. Jina lililochukuliwa mwaka 1925 na sura inayotakiwa leo vinatafutwa na mkono ule ule.

Kwa hiyo anayependa picha za zamani na azitazame, kwani ni matunda ya jasho la mafundi hodari. Lakini asiite enzi ya dhahabu bila kuwakumbuka waliochimba dhahabu hiyo, na bila kujua kwamba kila haki waliyoipata waliidai wenyewe.