Bia ya Beberu na kicheko cha kuazima

Najua nimepotea wiki mbili na lawama zenu zimenifikia. Leo ni Jumapili usiku, niko hosteli Malimbe, jamaa wa chumbani anakoroma, na mimi nina hasira. Nusu ya hasira yenyewe ni ya kujikasirikia mwenyewe, kwa hiyo mnivumilie.

Ijumaa bumu liliingia. Sasa kuna mshkaji wetu, shemeji yake karudi likizo kutoka Norway na begi la bia. Sitanii, begi zima. Tukapanda daladala pale Nyegezi watu watano, tukashuka mjini, tukakata mitaa hadi Mirongo kwenye baa moja karibu na mto, ile ambayo mvua ikikolea unainua miguu juu ya kiti. Jina silitaji. Tukaagiza sato wa kuchoma na Balimi kadhaa ili mwenye baa asinune, tukalipia na friji, halafu tukapanga chupa zetu mezani kama maonyesho ya Nane Nane.

Bia zenyewe ni tamu, hilo niliseme kabla sijaitwa mlokole. Kulikuwa na Aass kutoka Drammen, ile nyeusi nyeusi, inanukia mkate ulioungua kidogo. Kulikuwa na Bishop's Finger ya Kent kule Uingereza. Kulikuwa na Delirium Tremens ya Ubelgiji, chupa ina tembo wa rangi ya waridi. Kozel ya Jamhuri ya Cheki zilikuwa mbili. Na ile ambayo ndiyo ilileta balaa, Fucking Hell ya Ujerumani. Ndiyo, imeandikwa hivyo hivyo kwenye chupa, na ina usajili halali wa Ulaya tangu 2010.

Sisi wanachuo, Kiingereza tunacho, basi tukaanza kucheka. Aass! Kidole cha Askofu! Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya ulianza pale mmoja wetu alipomwita dada anayehudumu akamwambia, "Dada, hebu tusomee hizi, sisi hatujavaa miwani."

Dada wa watu akachukua chupa akasoma kama alivyofundishwa shule ya msingi, kila herufi na sauti yake. "Aasi." Kicheko. "Fukingi heli." Meza nzima ikaangua kicheko, mtu akamwaga bia. "Rudia dada, kwa sauti!" Akarudia. Meza ya pili wakageuka nao wakacheka. Na yeye akacheka pamoja nasi, na hicho ndicho kinachoninyima usingizi, kwa sababu alikuwa hajui anacheka nini. Mara ya tatu akanyamaza. Akauliza, "Kwani inamaanisha nini, kaka zangu?" Kila mtu akaangalia simu yake.

Akaiweka chupa mezani, akafuta mikono kwenye aproni. "Wazungu wanakuja hapa," akasema, "wananiambia wanataka kunya bia baridi. Mimi sicheki. Nawaletea bia." Akaenda zake kaunta.

Mimi nilicheka pia, nisijitoe. Nilicheka hadi mara ya pili.

Jana nikakaa maktaba, badala ya kusoma Mitaala na Ufundishaji nikasoma bia. Na nilichokikuta kimenitia aibu zaidi. Aass ni jina la ukoo wa watu, kiwanda kimekuwepo tangu 1834 na ndicho kikongwe kuliko vyote Norway. Hizo a mbili ni maandishi ya zamani ya herufi inayotamkwa karibu na o yetu. Yaani Mnorway anasema "Os". Yule dada alikosea kulitamka, na sisi wasomi tulikosea pamoja naye, tofauti ni kwamba sisi tulikosea kwa majivuno. Hell kwa Kijerumani ni bia ya rangi nyeupe, basi, hakuna jehanamu humo. Na hilo neno la kwanza ni jina la kijiji cha Austria cha watu kama mia hivi, ambacho wageni walikuwa wanaiba vibao vyake vya barabarani hadi wenyewe wakachoka, na tangu tarehe 1 Januari 2021 kinaitwa Fugging. Wenye bia walijua wanachokifanya, wanauza utani, sawa. Lakini kidole cha askofu ni vibao vya zamani tu, vilivyowaelekeza mahujaji njia ya Canterbury.

Sasa nisikilizeni. Tulikuwa tunacheka kwa lugha gani pale? Bia ni ya Mnorway na Mjerumani. Matusi ni ya Mwingereza. Wachekaji ni Msukuma, Mhaya, Mkurya, Mjita na Mkerewe. Tumeazima kicheko cha mtu tukamchapia nacho dada yetu.

Na ona tulivyokosa uhondo. Kozel maana yake ni mbuzi dume. Mbuzi dume kwa Kiswahili ni nani? Beberu! Tulikuwa na bia ya Beberu mezani, chupa mbili, Tanzania hii ambayo mabeberu wanatajwa kila wiki, na hakuna aliyecheka, kwa kuwa utani huo haukuwa kwenye Kiingereza. Au chukua Kifini. Kitu cha moto wanakiita kuuma, u wanaivuta. Mama husoma humu kwa hiyo naishia hapo, ila fikiria Mfini kachemshiwa chai pale Mirongo akaanza kupiga kelele kwamba imezidi. Nani angesoma chupa siku hiyo, na nani angecheka?

Watu wa Afrika Mashariki tunajua kuita bia majina. Kenya ile Senator ilipotoka mwaka 2004, mwaka ambao Obama alichaguliwa seneta kule Marekani, watu wakaiita Obama na ikaitika. Tusker yenyewe ni kumbukumbu ya tembo aliyemuua mmoja wa waanzilishi wa kiwanda mwaka 1923. Utani mweusi kuliko huo sijauona, na hauhitaji mtu wa kudhalilishwa ndipo uchekeshe.

Najua mtakachosema, maana mshkaji mwenye bia kanitumia ujumbe: "Acha ushamba, ulikuwa utani tu." Utani? Utani tunaujua huku. Mtani anaweza kulizuia jeneza la babu yangu njiani mpaka nitoe hela, na kesho yake mimi nitamfanyia yeye. Utani una kwenda na kurudi. Yule dada angerudisha nini? Anahitaji bakshishi yetu, na bosi wake alikuwa anamwangalia.

Halafu sisi watano wote tuko Ualimu. Julai tunaenda BTP. Utaingia Fomu Wani, mbele yako watoto ambao miaka saba wamesoma kwa Kiswahili na ghafla kila kitu ni Kiingereza. Mtoto atasimama atasoma neno kama lilivyoandikwa. Utafanyaje, utamwambia arudie kwa sauti? Mimi Fomu Wani nilitamka "answer sheet" kwa i fupi ya nyumbani, mwalimu akacheka kabla ya wanafunzi, na jina la utani nililopewa siku hiyo lilinifuata hadi Fomu Foo. Kiingereza nilikuja kukizungumza darasani nikiwa Fomu Faivu. Nilikuwa nakijua muda wote. Nilikuwa naogopa.

Mimi niliyepitia hayo ndiye niliyecheka Ijumaa.

Leo mchana nilirudi Mirongo. Dada hakuwepo, ana zamu ya jioni. Nilikuwa nimebaki na Kozel moja, nikamwachia mwenzake wa kaunta aiweke kwenye friji, nikamwomba amwambie imetoka kwa mmoja wa wale wa Ijumaa, na kwamba inaitwa Beberu. Mwenzake akacheka mpaka akashika meza. Akaniuliza kama ziko nyingine.

Nikamwambia zimeisha. Kesho saa moja nina Saikolojia ya Elimu, nalala.