Imbwa naye anaenda konje? Fikirini mwezi mmoja mbele



Mwanzo wa mwezi uliopita baba mmoja alikuja dispanseri siku ya kwanza asubuhi. Hakuwa mgonjwa. Alitaka dawa za safari, kwa maana siku ya posho alikuwa anaanza konje yake pamoja na bibi, watoto watano na mama mkwe. Walikuwa wanatoka hapa Kolwezi kwenda kwa barabara mpaka upande wa Mbuji-Mayi. Nilimpa vya kumpa, nikamkumbusha vyandarua. Alipofika mlangoni akageuka:

– Munganga, na imbwa je? Ninampelekea baba yangu, apate kuwinda naye. Anaweza kupanda kamyo?

(Wananiita munganga. Mimi ni msaidizi tu, lakini nimechoka kuwasahihisha.)

Nikamwuliza kama imbwa huyo amekwisha kupigwa sindano. Akacheka sana. «Sindano ya imbwa? Hata mimi mwenyewe naikimbia!»

Sikucheka naye, na nitaeleza sababu. Maoni yangu ni haya: imbwa anaweza kusafiri, hata siku tatu, hata juma zima. Sikatazi. Lakini safari yake haitayarishwi siku ya kupakia mizigo. Inatayarishwa mwezi mmoja mbele. Na imbwa asiyechanjwa asipande kamyo moja na watoto wa watu. Najua neno hili halitawapendeza wengi, hasa wale walio na imbwa wazuri wa kuwinda.

Mwaka wa 2016, mwezi wa tisa, mimi nami nilikuwa njiani kwenda konje. Tulikuwa watu kama thelathini juu ya kamyo, tumekaa juu ya magunia ya unga na mabidoni. Mfanyakazi mwenzetu alikuwa na imbwa wake, amemfunga kwa kamba fupi kwenye ubavu wa kamyo. Tangu asubuhi mpaka saa nane jua lilimpiga huyo imbwa, vumbi likamjaa puani, na hakuna aliyempa maji hata kidogo. Nami sikumpa. Nilikuwa na maji yangu, nikayanywa.

Kabla ya kufika Kamina resori moja ilivunjika. Shofere akaingia chini ya kamyo, sisi tukashuka kutafuta kivuli. Mtoto mmoja wa miaka nane, mwenye huruma kuliko sisi wakubwa wote, akachukua bukari iliyobaki akamnyoshea imbwa. Imbwa akashika mkono, wala hakuwahi kushika bukari. Meno yaliingia kati ya kidole gumba na kiganja.

Mnajua yanayofuata. Kelele, fimbo, mawe. Wanaume walitaka kumwua imbwa palepale, na mwenyewe alikuwa analia. Mimi nikafanya kosa ambalo nalikumbuka mpaka leo: nikakata kamba. Niliona huruma, nikataka fujo iishe. Imbwa akaingia porini, hatukumwona tena.

Kwa nini nasema ni kosa? Kwa sababu imbwa aliyemwuma mtu hapaswi kuuawa ovyo, wala kufukuzwa. Anapaswa kufungwa mahali salama na kutazamwa siku 10. Kama siku 10 zikipita naye ni mzima, anakula na kunywa vizuri, basi siku ile ya kuuma hakuwa na ugonjwa wa wazimu katika mate yake, na munganga anaweza kusimamisha sindano za mtu aliyeumwa. Imbwa akipotea, hakuna anayejua lolote. Inabidi kumtibu mtoto kana kwamba imbwa alikuwa na wazimu kweli.

Jambo moja tulifanya vizuri. Tuliosha kidonda kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kwa saa, mtoto akipiga kelele. Bidoni nzima ya maji ya kunywa iliisha, na mama wengine walininung'unikia kwa maana kisima kilikuwa mbali. Mzee mmoja alikuwa amekwisha kuleta mafuta ya motere ayapake juu ya kidonda, mwingine pilipili. Nilikataa. Msipake mafuta, wala makala, wala majani. Ni sabuni na maji, tena mara moja, kwani ugonjwa huu unakaa katika mate, na mengi ya mate hayo yanaweza kuondoka kwa kuoshwa.

Kituo cha afya cha karibu hakikuwa na chanjo. Baba na mtoto wakabaki nyuma, wakatafuta pikipiki, mama akaendelea na wadogo, mizigo ikagawanywa katikati ya barabara. Chanjo waliipata siku ya nne, katika mji mwingine. Si sindano moja: ya kwanza, kisha nyingine na nyingine, kwa tarehe zilizoandikwa. Konje yao ikaishia palepale, na franga za konje zikaishia palepale. Mtoto ni mzima, leo ni kijana mrefu kunipita. Kama yule imbwa alikuwa na wazimu au alikuwa na kiu tu, sitajua kamwe.

Sasa niwaeleze ugonjwa wenyewe, ule ambao kwa kifaransa tunauita raji. Unapita kwa mate ya mnyama mgonjwa, kwa kuumwa, kukwaruzwa, au kulambwa juu ya kidonda. Katika watu karibu wote wanaoupata, unatoka kwa imbwa. Haujionyeshi mara moja: mara nyingi ni miezi miwili au mitatu baada ya kuumwa, pengine juma moja tu, pengine mwaka. Kidonda kimekwisha kupona, watu wamesahau. Kisha homa, mahali pale panawasha, mgonjwa anashindwa kunywa maji, koo linakaza akiyaona tu. Ukifika hapo, hakuna dawa tena katika dispanseri yetu wala katika hospitali kubwa yo yote ya Ulaya. Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu kama 59.000 kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia. Na katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, 4 ni watoto chini ya miaka 15.

Lakini kabla haujajionyesha, unazuilika. Mnamo mwezi wa saba mwaka wa 1885, huko Paris, Louis Pasteur alimtibu Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na imbwa, naye akaishi. Tangu wakati ule sindano zimekuwa bora zaidi. Wazee wetu walikuwa wanaogopa sindano nyingi za tumboni. Hizo zimeachwa. Siku hizi tunapiga mkononi, na kwa watoto wadogo pajani. Asiwepo mtu wa kumficha mtoto kwa hofu ya sindano za tumbo.

Na chanjo ya imbwa mwenyewe ni rahisi kuliko haya yote. Kwa kawaida anapigwa akiwa na miezi 3, kisha anarudia kama daktari wa wanyama alivyoandika katika karatasi yake. Lakini sindano ya kwanza haifanyi kazi siku ileile. Hesabuni majuma 3, yaani siku 21, ndipo mwili wake uwe na nguvu ya kuzuia ugonjwa. Ndiyo maana nasema mwezi mmoja. Anayempiga imbwa sindano siku ya tano na kupanda kamyo siku ya posho amelipa franga zake, lakini njiani bado hana ulinzi. Karatasi yenye muhuri isafiri pamoja na karatasi zenu nyingine. Na wale wanaopita Kasumbalesa kwenda Zambia waulize mapema ofisi ya wanyama ni karatasi gani zinatakiwa, kwani kwenye mpaka si pa kuanza kujieleza.

Wengine wananiambia: «Siye tumesafiri na imbwa tangu zamani bila karatasi, na hatukufa.» Ni kweli. Hata katika mgodi kuna mtu aliyefanya kazi miaka bila kofia naye hakufa. Je, kapita atamruhusu kushuka kesho bila kofia?

Basi, kama amechanjwa, asafiri namna gani? Asifungwe ubavuni mwa kamyo. Kamyo ikiruka shimo, imbwa anaanguka nje na kamba inamnyonga mbele ya watoto wake mwenyewe. Mtengenezee sanduku la mbao lenye nafasi za hewa pande zote, awezemo kusimama na kugeuka. Sanduku likae kivulini, mbali na unga, na mbali na mikono ya watoto. Tena imbwa hatoki jasho kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, ulimi nje. Kwa hiyo kumfunga mdomo kwa kitambaa siku nzima ni kumpika akiwa hai. Kumfungia ndani ya motokari yenye madirisha yaliyofungwa, juani, wakati ninyi mnakula mkahawani, ni vilevile, na haihitaji muda mrefu.

Bidoni moja ya maji iwe yake. Kila kamyo inaposimama, anywe kidogo. Chakula apewe jioni mkisimama kulala, asubuhi asile sana, la sivyo atatapika juu ya mizigo ya jirani na mtapata ugomvi. Jioni msimwachie kuzunguka kijijini: imbwa wa pale hawamjui, watapigana, na wale hamjui kama wamechanjwa. Imbwa jike aliye katika siku zake za kutafutwa na madume abaki nyumbani kabisa. Nilimwona mmoja njiani. Usiku ule hakuna mtu aliyelala.

Watu wa Kasai wanajua imbwa wale wadogo wa kuwinda, mkia umekunjwa, wasiobweka, wanaofungwa kengele ya mti shingoni ili mwindaji awasikie. Wazungu wanawaita basenji. Mwaka wa 1895 wawili walipelekwa Uingereza na kuonyeshwa katika maonyesho makubwa ya imbwa, Crufts, huko London. Hawakukaa, wakafa kwa ugonjwa wa imbwa wa kule ambao kwa kifaransa ni maladi ya Karé. Nguvu za imbwa wa kwetu hazimkingi na ugonjwa ambao mwili wake haujaujua. Ugonjwa huo nao siku hizi una chanjo, na daktari wa wanyama anaweza kuitoa siku ileile.

Kama siku hazitoshi, mwacheni imbwa nyumbani. Lakini kumwacha si kufunga mlango na kuondoka! Kila wakati wa konje naona katika kambi yetu imbwa walioachwa hivi: wanakula jalalani, wanatembea kwa makundi, wanawatisha watoto wanaokwenda masomoni. Huyo naye ni hatari, hata kama hakupanda kamyo. Mwachieni jirani au ndugu, pamoja na unga na samaki wa kutosha, na kitu kidogo cha mkononi kwa taabu yake.

Hapa niseme neno juu yetu wenyewe wa dispanseri. Mfanyakazi anapokuja kwa ajili ya konje tunauliza chanjo za watoto, tunauliza mimba ya bibi, tunauliza chandarua. Sijasikia hata siku moja tukiuliza: «Kuna imbwa?» Ni swali la neno moja. Mimi nimeanza kuliuliza, na wenzangu wengine wanacheka. Ningependa wakubwa wetu waliweke katika orodha.

Yule baba alikasirika nilipomwambia siku hazitoshi. Alikuwa amemwahidi mzee. Hata hivyo siku ya pili alimpeleka imbwa kwa daktari wa wanyama, na siku ya posho kamyo ikaondoka bila imbwa. Alibaki kwa shemeji, ambaye konje yake ilianza mwezi mmoja baadaye, na shemeji akapiga sanduku kwa mbao za kitanda cha zamani. Juzi wamenipigia simu. Imbwa amefika, ijapokuwa alikataa kutoka ndani ya sanduku mpaka usiku, na mzee bado anauliza nani yule munganga aliyemchelewesha.