MOYO UPIMWE KABLA YA DAWA YA USINGIZI



Treni haianzi safari kabla breki hazijapimwa. Basi mwenzetu wa Kilifi au Malindi aendaye kupasuliwa mishipa ya damu, na moyo wake upimwe kwanza. Mishipa ikiziba mguuni, mara nyingi ya moyo nayo imeanza kuziba. Uchunguzi wa Uingereza wa 2021 na 2022 ulionyesha kuwa moyo husimama kwa mtu mmoja katika 3,000 hivi watiwao dawa ya usingizi. Kwenye upasuaji wa mishipa hatari huzidi.

Twataka chama kidai ruhusa yenye mshahara ya kwenda kupimwa mapema. Nasi tusimfiche daktari presha, sukari wala sigara.

Umoja ni nguvu.