Hiyo Si ya Mteja

Fundi alifika kwetu Ukunda saa nne asubuhi, Februari 2024, na kabla ya saa tano alikuwa ashaondoka. Alitoboa ukuta kwa drili, akaingiza waya mwembamba mweusi uliotoka kwenye nguzo huko nje, akauchomeka kwenye kisanduku cheupe chenye antena mbili, kisha akakitundika nyuma ya TV. Taa zikawaka kijani. Akanionyesha kibandiko kilichoko chini ya kisanduku, jina la waifai na pasiwadi yake, akaniambia nikipige picha nisije nikakipoteza. Nikaunganisha simu. Ikashika. Binamu yangu kule chumbani akapiga kelele utadhani Harambee Stars wamefunga bao.

Ndipo nikauliza: "Na pasiwadi ya kuingilia ndani ya ruta yenyewe? Ile ya admin?"

Fundi akacheka. Si kwa dharau, alicheka kama mtu aliyeulizwa na mtoto kama ndege ina breki.

"Dada, hiyo si ya mteja."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikigombana na hilo jibu kichwani, na leo naligomba hadharani. Kampuni sitaitaja, maana haiko peke yake. Jirani yangu ana kampuni tofauti na alijibiwa vivyo hivyo. Kuna zinazokupa kiingilio cha nusu, ubadilishe jina la waifai na pasiwadi yake basi, kama mpangaji aliyeruhusiwa kupaka rangi mlango lakini jikoni haruhusiwi kuingia. Yangu haikunipa hata hicho.

Kwa wale ambao hawajawahi kukitazama kisanduku mara mbili: humo ndani mna vyombo vitatu vilivyovishwa kanzu moja. Kuna modemu, ambayo kwa upande wa faiba inapokea mwanga unaopita kwenye uzi wa kioo na kuugeuza uwe lugha inayoeleweka na kompyuta. Kuna ruta, bawabu anayempa kila anayeingia namba yake na kuhakikisha sinema uliyoitisha wewe haiendi kwenye simu ya binamu. Halafu kuna waifai, ambayo ni redio tu, redio ndogo inayorusha na kupokea. Ukifungua Chrome ukaandika 192.168.1.1, au 192.168.100.1 kutegemea aina ya chombo, unakutana na mlango. Nyuma ya mlango huo ndiko mambo yote yaliko: ni vyombo vingapi vimeunganishwa, redio inatumia chaneli ipi, na mwanga unaofika kwako una nguvu kiasi gani. Hiyo namba ya mwisho ina thamani kuliko kastama kea yote. Ikishuka kupita hasi 27 hivi, laini huanza kukatikakatika, na hakuna kuzima na kuwasha kutakakoiponya, kwa sababu shida iko kwenye waya. Ukiwa nayo hiyo namba, unapiga simu ukiwa na hoja. Bila hiyo, unapiga simu kuomba.

Kampuni inaiona. Upo mfumo uitwao TR-069, umekuwepo tangu 2004, unaoiruhusu kampuni kuingia kwenye kisanduku chako ikiwa ofisini kwake, ikakirekebisha, ikakiwekea programu mpya. Mimi sina ugomvi na wao kuwa na ufunguo. Ugomvi wangu ni kwamba nyumba ni yangu, stima nalipa mimi, mwezi ukiisha nalipa mimi, halafu mwenye ufunguo ni mtu wa Nairobi nisiyemjua.

Labda unajiuliza mbona nimekasirikia kisanduku hivi. Subiri nikwambie.

Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona nilirudi nyumbani Msambweni na begi moja. Baadaye masomo yakahamia mtandaoni. Nilikuwa nasomea chini ya mwembe nyuma ya nyumba, kwa sababu hapo ndipo simu ilipata vijiti viwili, na mhadhara mmoja wa saa mbili ulikuwa unameza bando la siku mbili. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alikuwa na modemu ya laini ya simu, zile za kutia kadi. Mtu mwema sana. Akasema, "Mwanangu, njoo usomee kwangu." Nikaenda. Modemu ilikuwa chumba cha ndani, sakafuni, kati ya friji na ukuta wa mawe, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama jagi la maji. Mtandao ulikuwa unakuja na kwenda kama maji ya mfereji. Nilifanya mtihani hapo, laini ikakatika katikati, na mfumo wa chuo ukaandika kwamba nimewasilisha karatasi tupu.

Sikurudi chuoni. Sitajifanya kuwa ni mtandao peke yake, karo nayo ilikuwa na lake. Lakini miezi kadhaa baadaye, nilipoanza kusoma mambo haya kwa hasira, niligundua kwamba modemu ile ilihitaji kusogezwa mita nne tu. Mita nne, ikae dirishani, juu, upande wa mlingoti, kitambaa kiondolewe ili ipumue. Nilimwambia mwalimu, akasogeza. Mtandao ukaja kama mtu aliyefunguliwa kamba. Mzee wa watu alikaa kimya, akaniangalia, akasema, "Mbona hawakuniambia?" Walimwambia mahali pa kulipia. Hilo hawakulisahau.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote, kama una haraka unaweza kuishia hapa. Hiki chombo kinauzwa kwetu pamoja na ujinga wetu, na ujinga huo si ajali.

Nyumba zetu za pwani, kwa mfano, hazikufikiriwa na aliyechora yale maelekezo ya kwenye boksi. Tunajenga kwa mawe ya matumbawe, ukuta mnene, na dirisha lina vyuma. Redio ya waifai huwa na masafa mawili, 2.4 na 5. Ile ya 5 ina kasi lakini ukuta wa mawe unaishinda. Ile ya 2.4 ni mzee wa pole pole, lakini inapenya. Fundi aliacha masafa yote mawili chini ya jina moja, na simu yangu chumbani ikawa inang'ang'ania 5 iliyochoka badala ya kushika 2.4 iliyoko. Kuyatenganisha ni kazi ya dakika moja, ukiwa na pasiwadi. Tena 2.4 ina chaneli tatu tu zisizogongana, 1, 6 na 11, na kwenye ploti yetu kila kisanduku kilikuwa kwenye 6. Nyumba nane, zote zinapiga kelele kwenye chaneli moja, na kila mmoja analalamika kampuni yake mbovu. Kuhamia 11 ni kazi ya sekunde thelathini. Hiyo si ya mteja.

Na usiniambie sisi wa huku ng'ambo ya Likoni ndio tuko nyuma ya ulimwengu. TEAMS ilitia nanga Mombasa Juni 2009, imetoka Fujairah. SEACOM ikafuata mwaka huo huo. EASSy ikaja 2010. Nchi nzima, na majirani zetu wasio na bahari, wanakunywa mtandao unaopita chini ya maji haya haya tunayoogelea. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika huko kusini, karibu na Afrika Kusini, Kenya yote ikasota, na siku hiyo nilipopiga simu niliambiwa nizime ruta, nihesabu mpaka kumi, niwashe. Waya uko chini ya bahari, umekatika, na mimi niko Ukunda nahesabu.

Wenye kampuni wana jibu lao, na si la kipuuzi. Wanasema ukimpa mteja pasiwadi ataharibu, halafu atapiga simu, na fundi mmoja ana nyumba nyingi za kuzunguka kwa siku. Nakiri: mimi niliharibu. Mwezi wa tano nyumbani, nimechoka kunyimwa, nilichukua pini, nikaiingiza kwenye kile kitundu cha nyuma na kubonyeza sekunde kumi, nikidhani kisanduku kitarudi na pasiwadi ya kiwandani. Kikarudi na kiwanda chote. Mipangilio ya kampuni, ile inayokitambulisha kisanduku kwa mtandao wao, ikafutika. Siku tatu hatukuwa na kitu. Makala niliyokuwa nimeahidi ikachelewa na mhariri akampa mtu mwingine, shilingi elfu nane hizo. Fundi aliporudi aliniangalia, mimi nikaangalia sakafu. "Dada, nilikwambia."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini tafakari kidogo. Niliharibu kwa sababu sikujua kitundu kinafuta nini. Karatasi moja ingetosha: hapa usiguse, hapa gusa, na ukifuta, rudisha hivi. Mtu anayekuuzia jiko la gesi anakuonyesha vali, hakatazi watu kupika.

Jibu lao la pili ni usalama. Wahalifu wataingia, wanasema. Kweli, wanaingia. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai ilizunguka dunia ikijaribu orodha ya pasiwadi sitini na kitu za kiwandani, zile za admin na admin, ikateka kamera na ruta za watu kwa malaki, na Oktoba ikazitumia kuishambulia kampuni ya Dyn mpaka Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa wengi Marekani. Lakini waliotekwa walitekwa kwa sababu hakuna aliyebadilisha pasiwadi. Dawa yake Uingereza waliiandika kuwa sheria iliyoanza kazi 29 Aprili 2024: kila chombo kiwe na pasiwadi yake peke yake, au mteja aiweke mwenyewe. Mteja, mwenyewe. Ujerumani walikwenda mbali zaidi. Tangu 1 Agosti 2016 mteja ana haki ya kuchomeka ruta yake anayoitaka na kampuni haiwezi kumlazimisha ya kwao. Ufaulu wa mitihani haujashuka huko kwa sababu hiyo.

Nasi hatuhitaji kuazima sheria ya watu. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma aliyolipia. Soma tena hapo kwenye kikamilifu. Nikilipia kasi ya 20 halafu 5 zinafia kwenye ukuta wa mawe na 10 zinagombana na majirani kwenye chaneli 6, hapo sijafaidika kikamilifu, nimefaidika kwa huruma. (Na hizo 20 ni megabiti, si megabaiti. Gawanya kwa nane ndipo ujue faili yako itashuka kwa kasi gani. Hilo nalo hakuna tangazo linalokueleza.)

Lakini acha nitugeukie na sisi, maana kulaumu kampuni ni rahisi na inapendeza. Tunaitwa kizazi cha dijitali. Tunakata video kwenye simu, tunajua filta za kila namna, halafu kibandiko cha ruta tunakipiga picha na kukitupa kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti, "waifai hiyo wadau." Mimi nilifanya. Ni simu ngapi zilikuwa kwenye laini yetu kufikia Agosti? Sijui, mlango ulikuwa umefungwa. Najua tu kwamba saa mbili usiku barua pepe ilikuwa haitumiki. Nilipowaambia marafiki kwamba nataka pasiwadi ya admin, mmoja aliuliza, "Ya nini sasa, si inashika?" Hilo "si inashika" ndilo linalowafanya watu wa kampuni walale usingizi mzuri.

Fundi akija kwako, usimwache aondoke kabla hajakujibu. Mwambie akionyeshe kisanduku mahali pa wazi, si nyuma ya TV. Mwulize namba ya mwanga na uiandike ukutani kwa kalamu pale pale ilipopimwa, ili siku laini ikifa uwe na cha kulinganisha. Mwombe pasiwadi ya admin mbele ya watu. Akikataa, mwombe aandike kwa mkono wake kwamba amekataa. Niliyemwomba mimi mara ya pili hakuandika, lakini alikaa muda mrefu zaidi, na kisanduku alikitoa nyuma ya TV bila mimi kusema.

Barua pepe tatu nimewaandikia. Mbili zimejibiwa na mashine. Ya tatu ilijibiwa na mtu, kwa heshima, akinishukuru kwa kuwa mteja wao.

Kwa hiyo nilinunua ruta yangu mwenyewe, ya mtumba, Mombasa, nikaichomeka kwenye ya kwao kwa kebo. Sasa nina visanduku viwili ukutani. Cha kwangu nimekiweka chaneli 11, nimetenganisha masafa, nimebadilisha kila pasiwadi, na naona kila anayeingia: wanne, na wa tano ni TV. Cha kwao waifai yake siwezi kuizima, kwa hiyo kinaendelea kupiga kelele kwenye chaneli 6 usiku kucha, hakuna anayekisikiliza, na kinakula stima yangu.

Mama naye Msambweni ana modemu yake ya kadi, kaiweka dirishani. Hiyo mlango wake unafunguka. Nilimfungulia ukurasa wa mipangilio siku ya Idi, akavaa miwani, akauliza jina la waifai aandike nini. Nikamwambia andika unalotaka. Akaandika *Usiguse Kitambaa*.