Kiini cha atomu si rundo la gololi

Michoro mingi ya shule huonyesha kiini cha atomu kama gololi zilizorundikwa, protoni rangi moja na nyutroni rangi nyingine. Mimi naona michoro hiyo inawapotosha wanafunzi.

Mtoto mwerevu atauliza: protoni zote zina chaji chanya, mbona hazifukuzani? Akiambiwa "kariri tu", tumempoteza. Na jibu lenyewe ni tamu! Zinafukuzana kweli, ila zikikaribiana sana huvutwa na nguvu kali ya nyuklia, ambayo huvuta nyutroni vilevile. Nguvu hiyo haifiki mbali, hushika majirani tu. Msukumano wa chaji huvuka kiini kizima. Ndiyo maana viini vikubwa huhitaji nyutroni za ziada: metali ya risasi, aina ya 208, ina protoni 82 na nyutroni 126.

Wala hazitulii. Hukimbia humo ndani kwa karibu robo ya kasi ya mwanga. Mwaka 2008 watafiti wa Jefferson Lab, Marekani, walieleza kuwa katika kaboni-12 karibu asilimia 20 ya chembe hizo huwa zimekaribiana mbili mbili, na nyingi ya jozi hizo ni protoni na nyutroni. Nyutroni iliyo peke yake hudumu kwa wastani kama dakika 15 tu. Ndani ya kaboni-12 haivunjiki.

Sisi waandika programu tunajua kuwa orodha ya vipande si mfumo. Walimu, hesabuni protoni, sawa, lakini mwelezeni mtoto zinafanya nini. Mwasemaje?